Kitanda cha Arobaini

Sogeeni karibu na moto. Ukungu wa leo hauna adabu, na nyinyi mliokuja mapema kwa ajili ya mkutano hamtapata joto huko ukumbini. Chukueni visu mnisaidie kumenya viazi huku mkinisikiliza. Maharage nimeyaweka jikoni saa mbili. Yakiiva tu, kengele itagongwa, nami nitavua aproni niingie kikaoni. Kabla ya hapo nina jambo la kuwauliza, na siulizi kwa mchezo.

Hapa Idundilwa kuna watu watatu. Mnawajua, lakini nitawaeleza kama vile hamwajui.

Wa kwanza ni Kastuli Mwinuka, mpasua mbao, ambaye tulizoea kumwita Baba Beno. Kipaji chake ni macho. Anasimama mbele ya mpaini, anautazama kuanzia shinani hadi kileleni, halafu anakuambia utatoa mbao ngapi, na ukipasuliwa zinatoka hizo hizo. Wa pili ni Ediltruda Mbilinyi, mjane, mama yake Onesmo. Kipaji chake ni maji. Katika kinyungu chake, lile shamba lake la bondeni la kiangazi, kulikuwa na chemchemi isiyokauka, naye alijua kuigawa kwa mifereji midogo hadi mboga zake zikawa za kijani mwezi wa kumi, wakati sisi wengine tunatafuna viazi vikavu. Wa tatu ni Mwalimu Meinrad Luvanda, wa fizikia na kemia. Kipaji chake ni kueleza. Aliwahi kunieleza mimi Nazarena, mpishi niliyeishia darasa la nne, kwa nini maharage yanachelewa kuiva huku milimani kuliko kwa binti yangu kule bondeni. Huku juu, alisema, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Nikaelewa, na sijasahau.

Shule hii ni ya wazazi. Serikali ilitupa kibali tu, mengine yote tumefanya wenyewe, darasa moja baada ya jingine, mpaka tukafika kidato cha nne. Hapo tukakwama. Mwaka juzi watoto tisa walifaulu kuendelea na kidato cha tano, na sita kati yao hawakwenda popote, maana shule zilikuwa mbali na wazazi wao hawakuweza. Wawili mnawaona kila siku, wanachuma chai. Mmoja alijifungua mwezi uliopita na bado hajatimiza miaka kumi na tisa.

Basi mwenyekiti wetu, Mzee Zabloni Sanga, akasimama kwenye mkutano akasema tujenge kidato cha tano na cha sita hapa hapa, cha sayansi, mtoto wa Idundilwa atoke kwao aende chuo kikuu moja kwa moja. Tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, mikono ikiwa na unga.

Mkaguzi alikuja, akapima, akaandika masharti matatu. Bweni la vitanda arobaini, lenye ukuta wa kutenga wavulana na wasichana. Maji ya bomba mwaka mzima. Mwalimu wa kufundisha sayansi kwa vitendo, tena mbele ya macho yake. Likikosekana moja, hakuna kibali. Na kwa sababu kulikuwa na bweni lililoungua huko kwingine, watoto wakashindwa kutoka kwa msongamano, akaongeza jingine kwa mdomo wake: "Wa kutwa sitaki. Mwanafunzi mmoja, kitanda kimoja. Siku nikikuta cha arobaini na moja, au wawili wamelala kimoja, nafunga shule."

Sasa hapa lazima niwaeleze desturi mbili, maana humo ndimo tulimoharibu.

Ya kwanza ni ya shule. Tangu darasa la kwanza lilipofunguliwa, wazazi walikubaliana kwamba katika kila darasa jipya nafasi moja haitolewi kwa alama. Anapewa mtoto wa yule aliyetoa jasho ambalo bila hilo darasa lisingesimama. Tuliiita dawati la jasho, na safari hii likawa kitanda. Haikuwahi kuleta maneno, kwa sababu kila mara mwenye jasho alionekana kuwa mmoja.

Ya pili ni ya kwetu sote. Huendi kumwomba mtu jambo kubwa kwa mdomo mtupu. Unakwenda na chungu kilichofunikwa, ndani kuna kuku na ugali, unakiweka mbele yake, unasema shida yako na unasema utakachompa. Akifunua na kula, amekubali, na wewe umefungwa na ulichosema. Na aliyebeba chungu ndiye shahidi. Jambo likitimia, huyo huyo ndiye anayembebea mwenye haki mzigo wake mpaka ndani. Mpishi wa shule ni mimi, kwa hiyo chungu nilibeba mimi.

Mwezi wa nane tulikwenda kwa Kastuli, mzee Zabloni na mimi. Kastuli alikuwa na shamba la mipaini aliloliotesha mwaka aliozaliwa mwanawe Beno. Ndilo lilikuwa tegemeo la watoto wake wawili, huyo Beno na mdogo wake, Vumilia.

"Baba Beno, tunaomba mbao," mzee akasema.

"Ngapi?"

"Shamba lote. Na kitanda cha jasho kitakuwa cha Vumilia."

Kastuli aliitazama mipaini yake mmoja mmoja mpaka kuku akapoa. Kisha akafunua chungu akala, akamwita na Beno wakala wote. Wiki mbili baadaye, wakiwa wanakata, mpaini mmoja uliangukia upande ambao haukutarajiwa, na Beno hakuwahi kukimbia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulimzika Jumanne. Alhamisi asubuhi nikasikia msumeno unalia kule shambani, nikapeleka uji. Nikamwambia, "Baba Beno, pumzika kidogo." Akanijibu, "Usiniite hivyo tena. Mbao zikinyeshewa zitapinda." Alipasua zote, akaezeka bweni, akatengeneza na vitanda arobaini kwa mkono wake. Humo mna mbao za mti ule uliomuua mwanawe. Ni vitanda vipi, anajua yeye peke yake, na hajamwambia mtu.

Mwezi wa tisa tulikwenda kwa Ediltruda, mzee Zabloni na mimi. Nilidhani safari hii mzee ataahidi kitu kingine.

"Mama Onesmo, tunaomba chemchemi," akasema. "Tutaijengea saruji, maji yote yapande shuleni. Kinyungu hutakilima tena. Na kitanda cha jasho kitakuwa cha Onesmo."

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha chungu. Nikamtazama mzee, akatazama chini. Ediltruda hakumuuliza yeye, aliniuliza mimi. "Dada Nazarena, ni kweli?"

Nikasema, "Kweli."

Ndivyo nilivyosema, na nyinyi msinitazame hivyo, endeleeni kumenya. Ediltruda akala. Mafundi wakaja, maji yakapanda, kinyungu kikakauka. Kumbe shemeji zake walikuwa wanasema yale ni maji ya ukoo, mjane hana ruhusa ya kuyatoa. Walikuja mchana kweupe wakang'oa bati za nyumba yake moja moja, wakazipanga vizuri, wakaondoka nazo. Wakamkataza hata kufika kwenye kaburi la mumewe kupalilia. Sasa anachuma chai kwenye shamba la watu, na wanalala na mwanawe kwenye stoo ya shule, nyuma ya magunia yangu. Usiku namsikia akikohoa. Kuna mtu alisema juzi kwamba Ediltruda hakuzika mtu kwa ajili ya shule hii. Huyo mtu aje amwambie mbele yangu.

Tulipokuwa tunarudi kutoka kwake siku ile, nilimuuliza mzee, "Kitanda kimoja utakigawaje?"

"Nazarena," akasema, "mmoja wao atakata tamaa njiani, utaona. Tukikosa jambo moja kati ya matatu, watoto wote wamekosa. Wewe beba chungu."

Nikabeba.

Mwezi wa kwanza tukaenda kwa Mwalimu Luvanda, mzee Zabloni na mimi. Mwalimu alikuwa na barua ya kazi kutoka shule ya mjini, na nyumba ya kuishi juu yake. Vitabu alikwisha kuvifunga kamba. Mzee akamwomba abaki, akamwambia kitanda cha jasho kitakuwa cha binti yake, Gaudensia. Mwalimu akacheka.

"Mzee, mimi hesabu nazijua. Hakuna mwingine aliyeahidiwa?"

"Hakuna."

Mwalimu akanitazama na mimi, nikajifanya napuliza majivu kwenye chungu. Akafungua kamba za vitabu, akala. Vifaa vya maabara tulivyoagiza havikufika. Mkaguzi alisema anarudi Jumatatu. Ijumaa mwalimu alikuwa anawafanyisha wanafunzi mazoezi kwa tindikali ya zamani iliyokuwa stoo, kwenye chupa isiyo na maandishi. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja, naye alimvalisha mwanafunzi aliyesimama karibu naye. Chupa ikapasuka mkononi mwake. Jumatatu mkaguzi alipofika, mwalimu alisimama mbele ya darasa, uso umefungwa bandeji mpaka puani, akafundisha kwa mdomo. Wanafunzi wakawa ndio mikono, yeye akawa anasikiliza povu linavyochemka na kuwaambia, "Ongeza. Basi. Sasa rangi imekuwaje?" Mkaguzi alitia saini hapo hapo. Bandeji zilipofunguliwa, mwalimu hakuona kitu. Bado anafundisha, na Gaudensia ndiye anayemshika mkono kumleta na kumrudisha.

Wiki moja baada ya saini ile, mzee Zabloni akafariki. Moyo tu, akiwa amekaa barazani kwake. Wote watatu walikuja mazishini, wakasimama pamoja, wala hawakujua kitu. Mimi nilikuwa napika msibani. Nililia sana siku ile, na watu wakadhani namlilia marehemu.

Kibali kikafika. Watoto thelathini na tisa wakachaguliwa kwa alama, kutoka kata zote hizi. Vumilia, Onesmo na Gaudensia walifaulu, lakini alama zao zilipungukiwa kidogo kuingia humo, na za wote watatu zinalingana. Kwa hiyo wote watatu macho yao yalikuwa kwenye kitanda cha arobaini.

Jumatatu iliyopita kamati ikakaa. Kastuli akaingia akasema, "Nimekuja kwa ahadi ya marehemu." Ediltruda akasema, "Hata mimi." Mwalimu akasema, "Na mimi." Hakuna aliyepandisha sauti, na ningeona afadhali wangegombana. Mwishowe mwalimu akauliza polepole, uso wake ukiwa umeelekea mlangoni niliposimama na birika la chai.

"Chungu alikibeba nani?"

Nikasema, "Mimi."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu, mwalimu."

Ediltruda aliinua kichwa akanitazama. Usiku ule kwa mara ya kwanza alizuia kikohozi chake ili nisimsikie.

Pale kikaoni kila mmoja akapewa nafasi ya kusema. Kastuli alisema, "Mimi sina maneno mengi. Nina mtoto mmoja. Kuna mfanyabiashara wa viazi ameleta barua ya posa, na mama yake Vumilia ameipokea. Tangu Beno afe, mke wangu anataka mjukuu ndani ya nyumba, asikie mtoto analia. Vumilia asipoingia bwenini, harusi ni mwezi wa tisa, na mimi sitakuwa na nguvu za kumkatalia mke wangu."

Ediltruda alisema, "Shemeji zangu wameniambia Onesmo ni damu yao. Akiwa mwanafunzi hawamgusi, wanaogopa serikali. Asipokuwa mwanafunzi watamchukua wakamtumikishe kwenye mbao zao, na hamtamwona kijijini tena. Nilitoa maji ya baba yake ili asome. Kama hasomi, basi mimi ni mwizi kweli kama wanavyosema."

Mwalimu alisema, "Mkimpa Gaudensia, nitapapasa njia mwenyewe. Nikianguka nitainuka. Msipompa, atabaki kunishika mkono mpaka mmoja wetu afe. Nimekuwa nikifundisha watoto wa watu, na mtoto wangu anasimama nje ya dirisha ananisubiri kipindi kiishe."

Sasa najua mnachotaka kusema, maana wajumbe nao walisema. Tuongeze vitanda? Mkaguzi anakuja wiki ijayo kuhesabu, na nimeshawaambia alichosema. Tumtoe mmoja wa wale thelathini na tisa? Yupi, na kosa lake nini? Wasubiri mwaka ujao? Mwaka ujao Vumilia ana mimba, Onesmo hayupo, na Gaudensia ameshazoea. Tupige kura ya karatasi kwenye kofia? Mwalimu mwenyewe alikataa. Alisema yeye hakula karatasi, alikula kuku, na alikula kwa sababu mtu alimtazama usoni akamwahidi.

Wajumbe wakaanza kubishana. Mmoja anasema bila bweni hakuna shule, na hakuna aliyelipa kama Kastuli. Mwingine anasema hilo bweni lingebaki ghala la panya kama si maji ya Ediltruda, na tena Kastuli ana paa, Ediltruda hana. Mwingine anasema bweni na maji hata hoteli inavyo, aliyefanya pale pawe shule ni mwalimu. Mmoja akasema aliyeahidiwa kwanza ndiye mwenye haki, wengine walikula cha mwenzao. Akajibiwa, "Je, walijua?" Mwingine akasema aliyetoa wa mwisho ndiye aliyekamilisha. Nikawa nawasikiliza nikaona kila anayesema anasema kweli, na hilo ndilo lililonitisha.

Walipopiga kura zikawa mbili kwa Kastuli, mbili kwa Ediltruda, mbili kwa mwalimu. Kamati ina wajumbe saba. Wa saba ni mpishi. Nilisema kura yangu nitaitoa leo, kabla ya chakula cha mchana.

Kuna kitu kimoja sijakisema mbele ya kamati, nawaambia nyinyi. Siku ile kwa Ediltruda, ningesema "si kweli", asingekula. Angekuwa nyumbani kwake sasa hivi, kinyungu chake kina mboga, na sisi tusingekuwa na bweni lenye maji wala kidato cha tano. Watoto thelathini na tisa walioingia jana na magodoro yao wakicheka wangekuwa kwenye chai. Nimejiuliza wiki nzima kama ningerudi kule ningesema nini, na kila nikijiuliza nakisikia kinywa changu kikisema "Kweli". Mniite mnavyotaka.

Hebu chungulieni hapo dirishani. Mnaona mlango wa bweni? Kuna masanduku matatu ya bati pale uwanjani, kwenye umande. Lile jekundu ni la Vumilia, limeandikwa jina la Beno, hawakulifuta. Lile lililofungwa kamba za katani ni la Onesmo, ndani najua kuna blanketi moja, na mama yake sasa hana la kujifunika. Lile dogo ni la Gaudensia. Yeye mwenyewe hayupo, amempeleka baba yake darasani. Wenzake wawili wamesimama pale, na nimemwona Onesmo akilisogeza sanduku la Vumilia lisikae kwenye tope.

Nimeongeza maji baridi kwenye maharage mara mbili asubuhi hii. Mmeniona, na mkanyamaza. Nilikuwa namwomba Mungu yachelewe, na huku juu yamezoea kuchelewa. Sasa nimebonyeza moja kwa kidole na limepondeka. Yameiva.

Haya, wekeni visu chini. Aliyebeba chungu ndiye anayebeba mzigo mpaka ndani, na nitatoka hapa jikoni nipite pale uwanjani, mzazi mmoja akinitazama kwa macho yake, mwingine kwa macho yake, na wa tatu akisikiliza hatua zangu zinaelekea wapi. Mikono yangu ni hii miwili, na sanduku la kuinua ni moja. Wewe uliyenisikiliza mpaka mwisho, ungekuwa mimi, ungeinua sanduku la nani?